Ridhaa ya Kupekuliwa

Yako maneno ambayo husemwa na watu wema, na kwa sababu wasemaji ni wema, maneno yenyewe hupita bila ya kuchunguzwa. Moja katika maneno hayo ni kwamba asiye na kosa hana haja ya kuogopa kupekuliwa. Nimelisikia barazani, nimelisikia garini, na nakiri kuwa kwa miaka mingi nililiamini na kulikariri mbele ya wanafunzi. Siku niliyoacha kuliamini hapakuwa na mtu aliyepigwa, wala askari aliyevunja sheria, wala mwizi aliyekamatwa. Ilikuwa siku ya amani, na ndiyo maana nataka kuisimulia.

Nilikuwa nikiendesha gari langu kutoka mjini kwenda Fuoni. Nyuma alikaa bibi mmoja jirani yetu, mjane aliyekwisha kupita miaka sabini, ambaye alikuwa ametoka madukani Darajani akaniomba nimchukue. Alikuwa na furushi la kitambaa lililofungwa mafundo mawili, nalo tuliliweka katika buti. Tulipofika Mwanakwerekwe, mahali ambapo watu husimama wakingoja gari za shamba, askari polisi alinyosha mkono nikasimama. Alikuwa kijana wa adabu. Alitoa salamu, akamwamkia bibi shikamoo, akatazama leseni yangu akanirudishia, kisha akasema, "Naomba tuangalie buti, mzee." Nikamjibu, "Hapana taabu, afande," nikashuka nikafungua. Akaliona furushi akauliza ni la nani. Kwa haraka ya mtu anayetaka kwenda zake nikasema, "La bibi huyo. Fungua tu."

Akafungua. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe cha kiasi cha sanda, pamba, sabuni, karafuu maiti na kichupa cha marashi. Yule kijana alirudisha mikono yake kama aliyegusa moto. Akasema, "Samahani sana, bibi," akayafunga mafundo kwa upole kuliko yalivyofungwa mwanzo. Lakini watu waliokuwa wakingoja gari walikuwa wamekwisha kuona, na mmoja wao alikuwa mtu wa mtaa wetu.

Bibi yule alikuwa amejinunulia sanda yake. Wazee wengi hufanya hivyo kwetu. Mtu hupenda azikwe kwa fedha yake mwenyewe, asiwe deni juu ya watoto. Walakini hakuwa amewaambia wanawe, kwa kuwa binti yake mkubwa alikuwa mjamzito na mwepesi wa kuingiwa na hofu, na mama alichagua kungoja. Kabla ya magharibi ya siku ile binti alikwisha kufika kwa mama yake analia, akiamini kuwa anafichwa ugonjwa. Mimi niliyasikia hayo baadaye. Ndani ya gari, tulipoliacha soko nyuma yetu, bibi alikaa kimya kwa kitambo, kisha akaniambia bila ya hasira, "Gari lako, mwanangu. Furushi langu."

Nimeyafikiri maneno hayo matano kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiri juu ya vitabu vingi.

Kwanza, yanaonyesha kosa la ule usemi wa watu wema. Usemi huo hudhani kwamba kila kilichofunikwa kimefunikwa kwa sababu ni kibaya. Lugha yetu haidhani hivyo. Tunalo neno maficho, na tunalo neno sitara, na mwenye kuzichanganya mbili hizi hajui Kiswahili. Mwizi huficha, mtu muungwana husitiri. Nguo mwilini ni sitara, pazia mlangoni ni sitara, na tunapomwombea mtu dua njema humwomba Mungu amsitiri. Bibi yule hakuficha kosa. Alisitiri habari ambayo ilikuwa haki yake kuitoa siku aipendayo, na aliponyang'anywa siku hiyo alinyang'anywa kitu ambacho hakuna stakabadhi ya kukirudishia. Mali yake yote ilirudi furushini, hata kichupa cha marashi. Kilichopotea ni uchaguzi wake.

Adabu za pwani zinalijua jambo hili tangu zamani. Mgeni hupiga hodi, na asipojibiwa mara ya tatu huondoka bila ya kinyongo. Kurani nayo, katika sura ya An-Nur, inamtaka aliyeambiwa arudi arudi. Kila mwanachuoni wa kwetu amewahi kuisimulia hadithi ya Khalifa Umar aliyekuwa akizunguka usiku, akasikia sauti ya ulevi ndani ya nyumba, akapanda ukuta akamkuta mtu na kinywaji chake. Mtu yule, inasimuliwa, alikiri kosa lake moja, kisha akamhesabia khalifa makosa matatu: amepeleleza, ameingia pasipo mlango, na hakuomba ruhusa. Khalifa akamwacha. Linalonivutia katika hadithi hiyo ni kwamba mwenye nyumba alikuwa na kosa kweli. Hadithi isingekuwa na uzito kama angekutwa anasali.

Lakini gari si nyumba, na hapa ndipo hoja inapoanza kuwa ngumu. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu cha 15, humpa kila mtu heshima na hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inasema hayo hayo katika ibara ya 16, tangu hati ya haki ilipotiwa ndani yake mwaka 1984. Nafsi imetajwa, maskani yametajwa. Gari halikutajwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara yake ya 31, imekwenda mbele kidogo, kwa kuwa inakataza mtu asipekuliwe mwili, nyumba wala mali yake, na gari ni mali bila ya shaka. Kwetu mwenye gari anapaswa kutafuta hifadhi yake katika maneno "maisha binafsi", nami naamini imo humo, maana mtu hubeba maisha yake binafsi anakokwenda nayo. Lakini ni lazima mtu aijengee hoja.

Liko jambo jingine la kustaajabisha katika visiwa vyetu, nalitaja kwa kupita. Polisi ni jambo la Muungano, ilhali mwenendo wa mashauri ya jinai ni jambo la Zanzibar, lenye sheria yake ya mwaka 2018. Basi askari anayesimama Mwanakwerekwe ni wa jeshi moja kutoka Kagera mpaka Pemba, lakini sheria ya kumpekua mtu pale aliposimama si ile anayoifuata mwenziwe wa Dar es Salaam. Hakimu wa mahakama iliyopo hapo hapo Mwanakwerekwe hana budi kulikumbuka hilo. Sijui ni madereva wangapi wanaolikumbuka.

Sababu ya sheria za nchi nyingi kulitenga gari na nyumba inaeleweka: nyumba hungoja, gari huondoka. Mwaka 1925 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba askari wenye sababu ya kutosha ya kushuku gari limebeba pombe, ambayo wakati ule ilikuwa haramu kwa sheria yao, waliweza kulipekua bila ya hati ya hakimu, kwa maana hati ingetoka gari likiwa limekwisha kuvuka mpaka. Sheria za Afrika Mashariki nazo, zilizorithi mengi kwa Waingereza, humruhusu askari kusimamisha chombo na kukipekua anapokuwa na sababu ya kushuku kuwa mna kitu cha wizi au cha haramu. Neno la kushika hapo ni sababu. Askari mwenye sababu, au mwenye hati, hahitaji ridhaa ya mtu, na mwenye kumzuia anajitia hatiani. Simtetei mtu huyo. Ninayemtetea ni yule ambaye askari hana sababu juu yake, na kwa hiyo badala ya kuamuru anaomba.

Kabla ya kumtetea imenipasa kusikiliza hoja ya upande wa pili katika sura yake ya kutisha kabisa, nayo haitoki Marekani, inatoka katika bahari yetu. Lugha yetu humwita chombo jahazi na humwita chombo gari, na mzozo wa kukataa kupekuliwa ulianza na vyombo vya tanga. Baada ya mapatano ya mwaka 1873 baina ya Waingereza na Sayyid Barghash, kusafirisha watumwa baharini kulikuwa haramu, na manowari za Kiingereza zilisimamisha majahazi na kuyapekua. Ufaransa haikukubali vyombo vyenye bendera yake vipekuliwe na Mwingereza. Basi manahodha wengi, hasa wa Sur katika Omani, walitafuta bendera ya Kifaransa na hati zake, wakaipandisha mlingotini, na manowari ilipokaribia walikuwa na jibu tayari. Mwezi wa Desemba mwaka 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari ya London, iliyokuwa na makao yake Unguja, alilisogelea karibu na Pemba jahazi lenye bendera hiyo, akauawa yeye na baadhi ya watu wake. Jahazi lilikuwa limepakia watumwa. Shauri la bendera hizo lilifika mpaka The Hague, na tarehe 8 Agosti 1905 wasuluhishi waliamua kwamba baada ya tarehe 2 Januari 1892, siku Ufaransa ilipothibitisha Mkataba wa Brussels, bendera ile haikuweza kutolewa tena ovyo kwa raia wa Sultani wa Maskati. Waliokwisha kuipata kwa halali kabla ya hapo waliachiwa, lakini haki hiyo haikuweza kuhamishwa kwa mtu mwingine wala kwa chombo kingine.

Mtu akisimama leo akasema kuwa haki ya kukataa upekuzi ni takatifu, na amtazame nahodha yule. Alikataa kwa heshima, kwa hati, kwa bendera ya taifa kubwa, na chini ya miguu yake watu walikuwa wamefungwa gizani. Sioni njia ya kulikwepa jambo hili, wala sitaki kulikwepa. Wenzetu wa leo wanaotaja dawa za kulevya na watoto wanaosafirishwa kwa hila wanatoa hoja ile ile, na ni hoja ya kweli.

Hata hivyo, nilipoyaweka pamoja jahazi la mwaka 1881 na gari langu, niliona jambo ambalo sikulitazamia. Nahodha alikataa, mimi nilikubali; lakini kosa letu ni la ukoo mmoja. Yeye alisema "hapana" kwa niaba ya watu ambao hawakumtuma, na mimi nilisema "fungua" kwa niaba ya mtu ambaye hakunituma. Kila mmoja wetu alidhani kuwa kumiliki chombo ni kumiliki kauli za waliomo. Wale watu gizani wangeulizwa, wangesema funguzeni hata mbao za sakafu. Bibi yule angeulizwa, huenda angesema hapana. Wala hatukuwauliza. Nadhani haki ya kukataa haijawahi kuwa haki ya chombo wala ya bendera. Ni ya mtu juu ya kilicho chake, na hutoka mtu mmoja mmoja kama pumzi. Dereva wa daladala aliyebeba abiria kumi na wanane aweza kuridhia kwa kiti chake na sanduku lake la vifaa. Vikapu kumi na vinane vina wenyewe.

Sasa nije kwenye lile neno "naomba", ambalo ndilo gumu kuliko yote. Nilipojibu "hapana taabu", je, niliridhia? Adabu yetu huivika amri nguo ya ombi. Baba humwambia mwanawe, "Naomba maji," na mtoto akikaa bila ya kuinuka kila mtu hujua kuwa amevunja amri. Mkubwa huomba, mdogo hutenda, na uzuri wa maisha yetu umo katika hilo. Singependa libadilike nyumbani. Lakini uzuri huo ukihamia barabarani hugeuka mtego usiotegwa na mtu. Askari kijana aliomba kwa kuwa amelelewa vizuri. Mimi nilikubali kwa kuwa nimelelewa vizuri. Sheria ikija baadaye itaandika kwamba mwenye gari aliridhia, na kama kungekutwa kitu, ridhaa hiyo ingesimama mahakamani kama shahidi. Mafakihi husema kuwa mwanamwali akiulizwa juu ya ndoa, kimya chake ni ridhaa. Lakini baadhi ya wanaosema hayo husema pia kwamba sharti aulizwe, na kwamba akikataa hatalazimishwa. Kimya kina maana pale tu ambapo sauti ingesikilizwa.

Wamarekani walilijadili jambo hili hili mwaka 1973, katika shauri ambalo linafanana na langu kiasi cha kunishangaza. Huko California, usiku, askari alisimamisha gari lililokuwa na taa moja ya mbele iliyokufa. Mlikuwa na watu sita. Aliuliza kama anaweza kulipekua, na ndugu wa mwenye gari akasema ndiyo, hata akasaidia kufungua buti. Hapakuwa na ugomvi wowote. Chini ya kiti cha nyuma zikapatikana hundi za wizi, na aliyetiwa hatiani kwa hundi hizo si yule aliyesema ndiyo. Alikuwa abiria mwingine. Wengi wa majaji waliamua kwamba mashtaka hayalazimiki kuthibitisha kuwa aliyeridhia alijua anaweza kukataa. Inatosha kwamba hakushurutishwa. Mmoja wa waliopinga alikuwa Jaji Thurgood Marshall, aliyeona kwamba mtu hawezi kuchagua asichojua kuwa ni cha kuchagua. Jina hilo si geni kwetu. Mwaka 1960, kabla hajawa jaji, alikuwa London pamoja na wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, akawaandikia rasimu ya haki za raia.

Nipo upande wa Marshall, ingawa hoja ya wenziwe naiheshimu: waliogopa kwamba askari akilazimika kutangaza haki ya kukataa kila anaposimamisha gari, kazi ya barabarani haitakwenda. Huenda. Lakini tazama kinachotokea askari anapojibiwa hapana. Ana njia mbili. Ikiwa anayo sababu ya kushuku, ataitaja, na kuanzia hapo hahitaji ruhusa. Atapekua kwa mamlaka ya sheria, atatoa stakabadhi ya alichochukua, na sababu yake itapimwa na hakimu. Ikiwa hanayo, atatoa mkono wa kwaheri. Katika njia zote mbili kazi ya serikali imekuwa safi zaidi. Anayekubali kila ombi humnyima askari nafasi ya kujiuliza kwa nini amelisimamisha gari hili akaliacha lile. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo husikiliza rufaa za Bara na za Visiwani, zaidi ya mara moja imekitupa kielelezo kilichopatikana kwa upekuzi usiofuata sheria, na mwenye kulalamika kuwa wahalifu wameponea hapo na amlaumu aliyedharau utaratibu. Askari wanaojua watalazimika kutoa sababu huwa na desturi ya kuwa nayo.

Nimeulizwa na rafiki yangu mmoja kama simshauri kila mtu aanze kubishana na polisi barabarani. Simshauri hivyo. Mnyonge akikataa mahali pa giza huenda akalipa gharama ambayo mimi mwenye leseni, elimu na mvi silipi, na ni rahisi kwa mtu wa kalamu kugawa ushujaa wa wengine. Haki isiyoweza kutumiwa na mnyonge bado ni haki, ila ni deni ambalo wenye nafasi wanapaswa kuanza kulilipa kwa niaba yake, kwa kuizoesha barabara kusikia neno hapana lisemwalo kwa upole.

Nilikwenda kumtaka radhi bibi yule siku ya tatu. Alikuwa akichambua mchele, na binti yake alikuwapo, amekwisha kutulia. Alinisamehe kabla sijamaliza. Kisha akaniuliza, kwa kutaka kujua tu, ningemwambia nini yule kijana kama ningelikumbuka furushi ni lake. Siku ile sikuwa na jibu, nikacheka tukazungumza mengine. Leo ningemwambia hivi: "Afande, gari ni langu nami nakuruhusu. Furushi ni la bibi huyu, muulize mwenyewe." Naye angeulizwa, na sote watatu tungesimama pale juani kungoja aseme.